Salamu Alizozibeba Ma Natia

Watu wengi wa soko la mji wetu wa Castries, mwandishi wa habari hii akiwa miongoni mwao, walimdhania Ignatia Polius kuwa mwanamke aliyependa meli kuliko akili. Kimbunga kilipokipiga kisiwa cha St. Maarten mwishoni mwa Septemba na kuvunja gati la mji wake, Philipsburg, busara ya kawaida ilisema safari ya meli aliyoipanga ya Novemba ife, izikwe, na ipangwe nyingine. Yeye alikataa. Tulipomwona akipanda na kushuka ngazi za ofisi ya wakala asubuhi baada ya asubuhi, tulisema ni kiburi cha mtu ambaye hajazoea kuambiwa haiwezekani. Tulikuwa tunamtazama, kumwona ni jambo jingine.

Ma Natia, kama tunavyomwita, huuza kungumanga, mdalasini na vidonge vya ukwaju karibu na gati la meli za kitalii. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini ambayo humlazimisha mtu kusogea karibu, na akishasogea hachomoki. Chama cha maua cha Waridi, kimoja kati ya vyama viwili vya kuimba vya kisiwani kwetu, hakijawahi kufanya matembezi ambayo hakuyapanga yeye. Kwetu mtu huzaliwa Waridi au Magarita kama wengine wanavyozaliwa wa mtaa huu au ule. Kila chama kina mfalme wake, malkia wake na mwimbaji wake kiongozi, na msimu ukifika vyama huimbiana vijembe mpaka majirani wasahau wameazimana nini.

Mwaka ule alikuwa amewapangia akina mama jambo ambalo hakuna aliyelithubutu kabla: kupanda meli. Walikuwa wamewauzia watalii kofia na viungo tangu ujana wao. Walizijua meli kama mtu anavyolijua jumba la jirani tajiri: rangi ya mlango anaijua, harufu ya ndani haijui. Meli ingewachukua Castries, iwapitishe Barbados, iwafikishe Philipsburg, kisha iwarejeshe. Ni Philipsburg hasa iliyokuwa moyo wa safari, kwa sababu ya Marcelline.

Marcelline ndiye mwimbaji wa Waridi. Dada yake, Urania, alikuwa Magarita kama marehemu mama yao, ambaye aliwahi kuwa malkia wa chama hicho. Mama alipofariki, msimu wa maua ulikuwa umewadia, na wiki haikuisha Marcelline akasimama ukumbini akaimba kijembe kuhusu ua lililonyauka na bado linajiita malkia. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Urania, tulivyoelewa, aliyachukua maneno yale kuwa yanamsema mama yao, akafunga virago, akaenda kufanya kazi za hoteli St. Maarten. Miaka kumi na mmoja ilipita bila neno baina yao. Ndege Marcelline haruhusiwi kupanda tangu alipopasuliwa sikio, na boti ya kutoka kwetu haifiki kule. Ilibaki meli. Kisha kikaja kimbunga.

Ma Natia ndiye aliyeleta habari kwamba Urania yu hai. Alizipata kwa Bi Gumbs, mama anayewaongoza wachuuzi wa Philipsburg, ambaye simu yake ilianza kushika tena baada ya siku nyingi za kimya. Paa la nyumba ya Urania lilikuwa limekwenda, na alikuwa amehamia kanisani pamoja na wengine. Marcelline alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa chake cha kichwa.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amekusalimu."

"Mimi?"

"Una dada mwingine? Ameuliza kama bado unaunguza ndizi mbichi na samaki wa chumvi."

Marcelline alitaka kucheka, akalia. Tangu siku ile watu wakawa wanajua jambo moja: mwanamke huyu lazima avushwe.

Wiki iliyofuata wakala wa meli, Bwana Hippolyte, kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi kupita kiasi, alikuja ukumbini kueleza ratiba mpya. Philipsburg imeondolewa. Badala yake meli itatia nanga Soufrière.

Kisha Ma Gertie, muuza pilipili ya kusaga, Magarita wa kuzaliwa aliyekuja kwa umbea tu, akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Soufrière ipi, baba? Hii hii ya kwetu?"

"Ndiyo, Ma Gertie. Ina mandhari nzuri sana."

"Mandhari! Shangazi yangu anakaa huko. Basi linakwenda asubuhi, linarudi jioni. Waridi wanazunguka bahari nzima kwenda kumsalimia shangazi yangu!"

"Tena watatuuzia mikufu ya kombe," mwingine akadakia, "sisi tuliowafundisha kuitunga!"

Kicheko kiliwapanda wote, hata Bwana Hippolyte akainamisha kichwa kuficha meno. Marcelline peke yake hakucheka. Ma Natia alimtazama, akasimama.

"Mwanangu," alimwambia wakala kwa ile sauti yake ya chini, "aliyeiondoa Philipsburg ni nani?"

"Ofisi kuu, Ma Natia. Gati limevunjika."

"Hapa kabla ya gati kujengwa, watalii hawakuletwa kwa mashua?"

"Waliletwa. Lakini si gati tu. Wanasema abiria watasikitika kuona uharibifu, na hawatakuwa na la kufanya huko."

"Waambie abiria ndio sisi. Mabati yetu yamekunjwa na vimbunga vingapi? Hatutashtuka. Na la kufanya tunalo: tutanunua."

Hapo ndipo, nadhani, wengi wetu tulipoanza kushindwa kumfuata. Tulisikia ubishi, hatukusikia mpango. Bi Gumbs alikuwa amemweleza kwamba wachuuzi wenzake wamesimamisha vibanda vya miti na maturubai, wamepanga kofia zilizonusurika, na wanakaa kutwa wakitazama bahari tupu. Ma Natia alikujua vizuri kutazama kule. Kila aliyeuza gatini kwetu amewahi kukaa mbele ya bidhaa zake siku ambayo meli imepita mbali bila kugeuza shingo. Kwa hiyo alimwomba Bi Gumbs aende kwa watu wa bandari ya kule, awaambie kuna akina mama wa Castries wanaotaka kuja, tena kununua. Naye upande wake akawa anampelekea Bwana Hippolyte kila neno jipya, pamoja na kipande cha mkate wa muhogo ili neno lishuke vizuri.

"Ma Natia, mimi si nahodha," Bwana Hippolyte alilalamika siku moja.

"Ningetaka nahodha ningekwenda kwa nahodha. Wewe una simu. Kula, halafu piga."

Nyumbani, njiani, kanisani, Marcelline alikuwa akimdaka. "Amesema nini tena?" Na Ma Natia hakukosa jibu. Urania amesema mvua imemharibia picha ya mama. Urania ameuliza Marcelline amenenepa au bado ni fimbo ya kufagilia utando. Urania amesema, akija, aje na kungumanga, za huko zimelowa. Kila salamu ilikuwa fupi, na ya kuudhi kidogo, kama dada wa kweli anavyosalimu. Marcelline alizihifadhi zote. Alianza kula tena, maana tangu kimbunga alikuwa akigusagusa tu.

Kama ni Ma Natia aliyeigeuza meli, sithubutu kusema. Huenda kampuni ilikuwa na hesabu zake, na huenda watu wa bandari ya Philipsburg walihitaji meli moja iwatangazie wengine kuwa wako wazi. Lijulikanalo ni kwamba katikati ya Novemba Bwana Hippolyte alikuja gatini akikimbia, shati limechomoka, akasema meli itatia nanga mbele ya Philipsburg kwa nusu siku, abiria wapelekwe kwa mashua, iwapo bahari itaruhusu.

"Iwapo bahari itaruhusu," Ma Gertie alirudia. "Maneno ya mganga hayo." Lakini jioni ile ile alimfuata Ma Natia pembeni. "Shoga, Magarita anaruhusiwa kupanda?"

"Akinyamaza."

"Basi sipandi."

Alipanda.

Siku ya kuondoka kila mama alikuwa na sanduku la pili, agizo la Ma Natia. Mlinzi wa langoni alifungua moja kati ya hayo akakuta misumari. Akafungua la Marcelline: misumari, kamba na mishumaa.

"Mama, unakwenda kujenga?"

"Nakwenda kusalimia," Marcelline akajibu.

Mishumaa ilizuiwa, kwa kuwa moto melini ni mwiko. Misumari, baada ya simu nyingi na mkuu wa walinzi kuja kuitazama kwa mshangao, ikapita. Ma Natia alikiri kosa lake la mishumaa bila kuona haya, akaigawa yote kwa wachukuzi, akapanda.

Walipofika mbele ya Philipsburg, mawimbi yalikuwa yakiubeba na kuutua ubavu wa meli. Mashua ya kwanza ilishushwa, ikapandishwa tena. Afisa alisema wasubiri. Akina mama walijipanga kwenye kingo, wakitazama mji ambao nusu ya mapaa yake yalikuwa ya buluu ya maturubai. Marcelline alikuwa amevaa kitambaa chekundu cha Waridi. Alikuwa ameushika mkono wa Ma Natia.

"Ataniuliza habari ya wimbo."

"Akikuuliza, mjibu."

"Na tusiposhuka?"

Ma Natia aliukazia macho ufukwe. Hayo wanayasimulia waliokuwa karibu. Midomo yake ilikuwa ikisogea kama mtu anayesali au anayehesabu makosa yake.

Upepo ulitulia kabla ya adhuhuri. Mashua zikashushwa.

Ufukweni walisimama wachuuzi wa Philipsburg nyuma ya vibanda vyao, wamevaa nguo za Jumapili. Mbele yao alikuwa Bi Gumbs, na kando yake mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha zambarau, rangi ya Magarita. Akina dada wawili walisimama wakapimana.

"Bado unavaa hilo jekundu," Urania alisema.

"Nawe bado unavaa hilo la msiba."

Marcelline ndiye aliyelainika kwanza.

"Ule mstari, Urania. Ua lililonyauka lilikuwa Ma Gertie. Halikuwa mama."

"Mimi?" Ma Gertie akaruka. "Miaka yote hii nimekuwa nikiucheka!"

"Nilijua si mama," Urania alisema polepole. "Nilijua siku ile ile. Lakini watu walicheka, na udongo wa mama ulikuwa haujakauka, na wewe ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi," Marcelline alisema. "Nisamehe."

Urania hakutamka msamaha. Alimvuta tu, akamkumbatia, vitambaa viwili vikagongana na kulegea, kisha akamwambia sikioni, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba amenenepa na imempendeza.

"Umeniita, nimekuja," Urania aliongeza.

"Nani kakuita? Si wewe uliye..."

"Jua kali hili!" Ma Natia alikuwa tayari katikati ya vibanda, ameinua kofia mbili juu. "Waridi! Magarita! Tumekuja kununua au kutazamana? Gertie, toa mkono mfukoni!"

Wakanunua. Walinunua kofia za aina ile ile waliyozoea kuuza wenyewe, wakabishania bei kwa ukali wa watu wanaoijua kazi, kisha wakatoa zaidi ya kilichoombwa. Misumari waliiacha kanisani. Akina dada waliketi ukingoni mwa bahari wakigombana na kucheka mpaka mashua ya mwisho ilipopiga honi.

Urania alikuja Castries msimu wa maua uliofuata, akakaa ukumbini upande wa Magarita, akavumilia vijembe vya dada yake na kumrudishia. Ni katika mapumziko, huku akipuliza kikombe cha chai ya kakao, ndipo alipotaja jambo dogo ambalo Ma Natia hajawahi kulitaja. Alisema Bi Gumbs alimfuata kanisani mara moja tu, kumwambia kwamba Marcelline anamwita, aje ufukweni. Hakuulizwa lolote, wala hakutuma salamu kwa mtu. Na simu ya Urania mwenyewe ilizama siku ya kimbunga. Nyingine aliipata Desemba, meli ikiwa imekwisha kurudi.