Shule ya Korea na Kiingereza cha Baba

Wiki iliyopita nilimfungia kompyuta mwanamke mstaarabu aliyekuwa bado anaongea.

Nikusimulie. Mume wangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha betri, na kampuni inampeleka Korea kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana hapa kwetu Hilliard, Marekani, kila jioni tumekuwa tukikaa mezani kutafuta shule ya kimataifa itakayowapokea watoto wetu wawili kule. Moja tuliipenda sana. Ina maabara, ina uwanja mzuri, na iko karibu na kiwanda. Mwanamke wa uandikishaji alituonyesha yote kwa video, akawasifu watoto, kisha akauliza nyumbani tunaongea lugha gani. Nikamwambia Kiswahili. Akatabasamu, akasema kuanzia sasa ingefaa tuongee Kiingereza tu, maana Kikorea kinakuja na lugha ya tatu itawachanganya.

Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakujua kwamba kwa sentensi ile moja nilikuwa nimerudi Louisville ya utoto wangu.

Tulikuwa wageni Marekani wakati ule, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tuliishi kwenye fleti ndogo ambayo Jumamosi ilinuka sombe ya majani ya muhogo na dagaa wetu, ndagala, mpaka kwenye ngazi. Baba alibeba vifurushi ghalani wiki nzima, lakini Jumamosi alikuwa wetu. Katika ujana wake kule Uvira alitamani kuwa mtangazaji wa mpira, na kwa kuwa redio haikumtaka, alitutangaza sisi. Nikishika ufagio, naye anaanza: "Msichana anaingia uwanjani, anapita kiti, anapita meza, beki anabaki analala kwenye sofa." Mama akisonga bugali, baba anapandisha sauti: "Mama anageuza, anageuza tena, kipa hana la kufanya." Mama alijifanya amekasirika, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilikuwa naomba vyombo vichafuke ili nivioshe nikitangazwa.

Kisha mwalimu wangu akaja kututembelea. Mama, akiwa na mdogo wangu mchanga mgongoni, alimpikia chai ya tangawizi. Jirani yetu Mrundi, aliyejua Kiingereza, alitafsiri. Mwalimu alisema nachelewa kusoma, na kwamba wazazi wakinipenda waache Kiswahili nyumbani, waongee Kiingereza tu.

"Mimi nitaongea nao na nini?" mama alimuuliza jirani. "Na mikono?"

Baba akamnyamazisha. Kwao mwalimu alisikilizwa kama padri. "Bon, mwalimu amesema," alisema. Akamshukuru mwalimu, akamsindikiza hadi kwenye gari lake kama tunavyomsindikiza mgeni wa heshima.

Kuanzia jioni hiyo baba alituongelesha kwa Kiingereza alichokuwa nacho. Alikuwa na maneno ya ghalani: haraka, inua, weka hapa, vizuri. Kwa maneno hayo hutangazi mpira. Nilishika ufagio Jumamosi iliyofuata nikasubiri. Aliniangalia, midomo ikacheza kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza, "Vizuri," akaenda kukaa dirishani. Mama aliendelea na Kiswahili chake kwa ukaidi, lakini kwa woga, akishusha sauti kila baba alipoingia. Tulipohamia Whitehall, huko Columbus, hata mama alikuwa ameacha, na nyumba ilikuwa imeshazoea kimya. Mimi nilijua kusoma vizuri kabisa. Kila mtu alisema ushauri ulifaa.

Nilimweleza mume wangu haya yote, naye akasema, "Lakini ni ushauri tu, mama watoto. Shule yenyewe ni nzuri."

"Na yule wa Louisville naye alitoa ushauri tu," nikamjibu. "Watoto wangu hawaingii pale."

Tulibishana siku mbili. Mwishowe tulichagua shule nyingine, ndogo, iliyo mbali na kiwanda; watoto watapanda basi asubuhi na mapema. Niliwaambia watu wa shule hiyo kuwa nyumbani tunaongea Kiswahili. Wakaandika, wakaendelea na swali lingine. Hilo lilinitosha.

Tulikwenda Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, kuwaaga wazazi wangu, waliohamia huko baadaye. Nilimsimulia baba habari ya shule, na sikumficha hasira yangu. Alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya mpaka ganda likaisha.

"Nilifikiri nawapatia kitu ya maana," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Donc, basi haikuwa?"

Mdogo wangu, yule wa mgongoni, alikuwa amekaa kati yetu, akatuuliza kwa Kiingereza tunasema nini. Nikamtafsiria maneno ya baba yake mzazi, sebuleni kwao.

Watu huniambia mwalimu yule alikuwa na nia njema. Najua, na ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda. Pengine amestaafu, pengine hanikumbuki hata jina. Alikaa nasi muda wa kikombe kimoja cha chai. Mdogo wangu sasa ni mwanamume mwenye ndevu, ameishi na baba nyumba moja maisha yake yote, na hajawahi kumsikia akiongea kama yule mtangazaji wa Jumamosi.