Soko Limejaa

Tangu kiwanda cha pamba kifungwe, watu wengi wameondoka Homa Bay, na nusu ya meza za soko letu hazina mwenyewe. Tuliobaki tunauzia upande wa barabarani, wanakopita wateja, na huko ndiko paa linakovuja. Tuliomba baraza jambo dogo: mabati ya upande mtupu yahamishiwe kwetu.

Jumatatu mkubwa kutoka mkoani alikuja kujionea. Kabla hajafika, karani wa baraza alitutawanya soko zima.

"Mama, nyanya weka hapa. Omena peleka meza ile. Vitunguu kule mwisho."

"Na mimi nikae wapi?" jirani yangu akamuuliza. "Ama nisimame katikati kama polisi wa trafiki?"

"Simama tu, mama. Mji usionekane umekufa."

Mgeni alipita akitabasamu. "Soko limejaa hivi, mabati mtayatoa wapi? Nyinyi mnahitaji soko la pili."

Karani akapiga makofi.

Jioni tulikuwa tumesharudi barabarani mvua ilipoanza. Jirani yangu alivua leso, akafunika dagaa wake wa omena, akatazama juu.

"Hilo la pili," akasema, "litamvujia nani?"