Pengo la Mikunga Kwenye Ukuta wa Bi. Kazija

Tulikwenda Bumbwini kukata ukuta. Huko kuna kijito kinachopita kwenye mabonde ya mpunga mpaka baharini, na wakulima wamekijengea ukuta wa zege, kimo cha kiuno, maji ya chumvi yasipande mashambani. Ukuta unazuia chumvi, lakini unazuia na mikunga, samaki wale wenye umbo la nyoka. Watoto wao, wembamba kama uzi wa kiatu, hutoka baharini wakajazana chini yake, hawana pa kupandia. Kikundi chetu cha uhandisi cha skuli, wanafunzi wanne na Mwalimu Haji, kilichora pengo juu ya ukuta na ngazi ya mawe ya kulifikia. Wakulima walitoa sharti moja tu: pengo lisishuke mpaka pale bahari inapofika ikijaa kabisa.

Kimo hicho nlikipima mimi. Na nlikipima vibaya.

Nilijua Alkhamisi alasiri, niko Forodhani na mama. Bahari ilikuwa inapiga ukingoni na kurusha maji mpaka njiani. "Bamvua hiyo," mama akasema, "mwezi mpevu, maji yanapanda kuliko siku zote." Nikahesabu siku kurudi nyuma. Siku niliyopima, mwezi ulikuwa nusu. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijisumbui kupanda. Nikangoja yakajaa, nikapiga mstari wa rangi nyekundu ukutani, nikarudi nyumbani nimeridhika. Michoro yote ilitegemea mstari ule.

Ijumaa nzima sikusema. Mimi darasani hata jibu nikilijua hutazama dawati.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, pikapu ilitupakia Michenzani pamoja na saruji, nyundo na tindo za kukatia zege. Khamis, kiongozi wetu, akanitazama.

"Mbona kimya leo?"

"Leo tu?" mwenzetu mmoja akadakia, wakacheka.

Kufika Bububu nilikuwa nshatunga maneno: Mwalimu, samahani, kile kipimo. Tulipofika kwenye miwa ya Mahonda nilikuwa nshayabadilisha mara sita, na kila nikitaka kufungua mdomo Mwalimu alikuwa anazungumza na dereva. Halafu barabara ikawa ya udongo, na mimi nikaanza kuomba tairi ipasuke.

Saa tatu tulifika kijitoni. Bahari imekupwa, kijito kinachuruzika kwenye matope. Bi. Kazija, mwenye shamba la kwanza nyuma ya ukuta, alitoka kwenye mpunga wake, matope mpaka magotini. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mumekula?" Hakungoja jibu. Alikuwa anauangalia mstari wangu. "Mbona chini vile?"

"Umepimwa, Bi.," Khamis akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Mimi nlikuwa nimeshika futi ya kupimia. Nikaitazama futi.

Tindo ikaanza. Vipande vya zege vikawa vinaanguka majini kimoja kimoja, na kila kimoja nilijiambia, kikianguka kijacho ntasema. Nusu ya pengo ilikuwa imeshakatwa niliposema kweli, na kwa kishindo cha nyundo hakuna aliyesikia. Nikaweka kiganja ukutani, pale pale Khamis anapopiga.

"Utakatika vidole wewe," Khamis akasema.

"Nlipima maji mafu."

Khamis akaiweka nyundo chini. Mwalimu Haji akavua miwani.

"Umejua lini?"

"Alkhamisi."

"Na leo ni Jumamosi."

"Naam, Mwalimu."

Bi. Kazija hakunigombeza. Alitazama jua, akaitazama mimea yake. "Yatajaa saa kumi na moja," akasema. "Nendeni mukachukue viroba pale kibandani, mujaze udongo."

Saa kumi na moja pengo lilikuwa limezibwa kwa viroba na bahari imeshapanda. Ilifunika mstari wangu, ikafunika na mahali tindo ilipofikia, ikawa inalamba viroba. Pembeni pakavuja. Khamis akapashindilia matope kwa kisigino. Bi. Kazija akachovya kidole upande wa mpunga, akaonja.

"Onja na wewe."

Nikaonja. Ladha ya matope, chumvi hamna.

"Bado," akasema. Tukaonja tena na tena, yeye na mimi tumeinama kwenye maji yale, mpaka bahari ikaanza kurudi.

Kabla ya Magharibi tuliziba kwa saruji kile tulichokata. Ruhusa ya pengo Bi. Kazija ameiondoa mpaka bamvua nyengine. Siku hiyo nende mimi, nikae naye, yeye aoneshe maji yalipofika na mimi niandike. Mikunga watangoja.

Kwenye pikapu Khamis akasema, "Ungesema jana tusingebeba matope."

"Ningekuwa na mdomo wako ningesema."

Akacheka kidogo, kisha akageukia barabara, kwa sababu na yeye asubuhi ile Bi. Kazija alimuuliza kuhusu mstari, akamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa tayari mpunga wa mtu uunguzwe na chumvi ili watu wanne wasinicheke. Sijui kama nimepona. Nnaandika haya na bado nnaogopa kwenda skuli Jumatatu, lakini kipimo kile nimeshakifuta kwenye michoro, na pembeni yake nimeandika jina langu.