Mwanya wa Kughushi

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, nyumbani Ngokolo, nilijaribu kujitengenezea mwanya kwa njiti ya kiberiti. Mpango ulikuwa rahisi: nichomeke njiti katikati ya meno mawili ya mbele, niiache hapo wakati nachambua maharage, na baada ya wiki mbili tatu meno yaachane, kila moja lishike upande wake. Binti wa jirani aliniapia kwamba wake aliupata hivyo hivyo. Sikuwa na sababu ya kumshuku. Mwanya wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba vijana wakimsalimia walisahau walikuwa wanakwenda wapi.

Tatizo ni kwamba njiti haikupata pa kuingia. Meno yangu yalikuwa yamepandana. Yale mawili ya mbele yalibanana, moja limelalia la pili, na chonge ya kulia, baada ya kukosa nafasi chini, ilipanda ikakaa ghorofani peke yake. Nilivunja njiti nusu kiberiti. Mama alipotaka kuwasha jiko akakuta vijiti vilivyotafunwa, akauliza ni panya gani huyu anayekula moto. Nikainamia maharage yangu.

Baadaye nikawa fundi cherehani hapa Kambarage, nikapata wachumba wawili. Mmoja alikuwa na pikipiki, mwingine alikuwa na mwanya. Nikamchukua mwenye mwanya. Watu husema niliolewa kwa mapenzi na mimi siwakatazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria watoto.

Kwao mume wangu ni Rwamgasa, na mama yake anawauzia chai wachimbaji wadogo wa dhahabu. Siku nilipopelekwa kutambulishwa alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Fungua mdomo," aliniambia.

Nikafungua. Yeye mwenyewe alikuwa na mwanya wa kupitisha punje ya mtama, unakuchekea hata akiwa amenuna. Akatazama ghorofa yangu kwa muda, kisha akanifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, mwanangu. Nyumba hii sote tuna mwanya. Lakini wewe utapika."

Hilo "lakini" nililibeba miaka kumi na sita. Nililipikia, nikalifulia, nikalishonea vitenge vya sikukuu. Picha zote za ukweni nimefunga mdomo, na atakayeziona atadhani nilikuwa na msiba wa kudumu.

Kisha nikazaa binti. Meno ya utoto hayakuniridhisha, nikasubiri yang'oke. Alipofika darasa la pili yakaota ya ukubwani, na katikati, jamani, mwanya! Mpana, umenyooka, haukudai njiti hata moja. Nilimshika mkono tukazunguka mtaa mzima kwa kisingizio cha kutafuta chumvi. Kila nyumba nilimwambia, "Msalimie shangazi. Cheka kidogo." Bibi yake aliposhuka Shinyanga aliuchunguza, akasema huyu ni wa kwao kabisa. Mimi nikaendelea kupika.

Sasa fikiria hali yangu siku mtoto huyo, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliponiambia mezani, "Mama, nataka kufunga mwanya."

Niliweka mwiko chini ili nisije nikautumia.

Sababu zake zilikuwa hizi. Meno yake ya juu yalikuwa yametokeza mbele, hayakutani na ya chini, hata chapati anaichana kwa pembeni. Halafu kila herufi ya S ilitoka na filimbi. Shuleni alikuwa amechaguliwa kusoma habari mstarini, na mtoto huyu tangu mdogo anataka kuwa mtangazaji, anamsomea hata paka taarifa ya saa mbili. Siku ya kwanza mbele ya kipaza sauti alifika kwenye "usafi wa mazingira ya shule unasisitizwa sana," na mbwa wa mlinzi akainuka akakimbilia jukwaani. Shule nzima ilicheka. Yeye alimaliza habari yake, akarudi darasani, akalia vipindi viwili. Nilipolisikia hilo la kulia niliuchukua tena mwiko, nikamwongezea mboga.

Kuna mtaalamu wa kupanga meno anayekuja mjini kwetu kutoka Mwanza Jumamosi moja kwa mwezi. Nilimpeleka binti nikiwa na nia mbaya: nilitaka daktari amkataze. Tukamkuta mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye meno yaliyonyooka mpaka yanakera. Akampima, akamwambia auume mkate wa nta, kisha akanieleza bila haraka. Mwanya wenyewe hauna ugonjwa wowote, anaweza kuishi nao mpaka uzeeni. Kasoro ni hayo meno ya juu kutokeza, maana akianguka ndiyo yatakayotangulia kufika chini. Angeletwa akiwa na miaka saba au minane angemtazama tu, pengine asimguse. Sasa taya bado linakua, na huo ndio wakati mzuri. Wapo watoto wanaotosheka na kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua. Huyu angehitaji waya za kubandikwa. Vipo pia vifuniko vya plastiki angavu, vinavalishwa juu ya meno mithili ya soksi, ila lazima uvivae mchana na usiku, uvitoe wakati wa kula na kunywa chai tu.

"Na mwanya?" nikauliza.

"Meno yakirudi nyuma, tunaweza kuufunga au kuuacha. Hilo ataamua mwenye mdomo."

Mwenye mdomo akasema, "Ufungwe," na filimbi haikulia kwa sababu neno lenyewe halina S. Nilimwona alivyolichagua.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hadi leo mume wangu anausimulia kwa wageni. Nilisogeza kiti, nikamnong'oneza daktari, "Na mimi nilikuwa naulizia. Hapa kwenu mnatengeneza mwanya?"

"Kuufunga?"

"Kuufungua."

Akaweka kioo chake mezani. "Mama, tangu nianze kazi hii watu wote wanataka kufunga."

"Basi leo umepata wa kufungua."

Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Alisema, "Fungua mdomo," na mimi mwili ukanisisimka, maana mara ya mwisho kuambiwa hivyo nilitoka na "lakini". Akachungulia, akaguna, akagonga hapa na pale, akaniambia nina kazi kubwa kuliko mtoto. Meno yalivyobanana mswaki haufiki, na fizi zilikuwa zinatoka damu. Nikamuuliza kama mtu wa miaka arobaini na moja bado ananyooshwa.

"Meno hayaulizi umri, mama, yanauliza fizi. Tukizitibu kwanza, yatasogea, ila taratibu kuliko ya mtoto. Na itabidi tung'oe moja ili hii chonge ipate pa kushukia."

Nilitaka ile plastiki angavu, nionekane mtu wa maana. Lakini mimi nakunywa chai mfululizo kama cherehani inayokunywa mafuta, na daktari akasema kwa chonge iliyo juu namna ile angependa waya. Basi, fizi zilipopona, mama na mtoto tukafungwa chuma.

Mume wangu alituona tunaingia, akakaa chini pale pale mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. Tukaapiana sote watatu kwamba bibi wa Rwamgasa asiambiwe. Niliogopa. Niliogopa kwa kweli, siyo mchezo. Mama mkwe kwa miaka hiyo alikuwa amebaki na fizi tupu, na mume wangu anauficha wake nyuma ya masharubu, kwa hiyo mwanya wa ukoo ulikuwa umebaki kwa mjukuu huyu mmoja tu. Na mimi, mpishi, ndiye niliyempeleka ukafungwe.

Maisha ya waya hayana adabu. Wiki ya kwanza tulikunywa uji tukitazamana. Bibi akatutumia gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu, na sisi tukawa tunayanusa tu. Kazini nilizoea kushika pini kwa midomo. Siku moja pini ikanasa kwenye waya, mteja amesimama na gauni nusu mwilini, na mimi nimekwama siwezi kusema A wala B. Binti yangu aliinasua kwa kibano cha nyusi, huku akitangaza tukio lote kwa sauti ya redio.

Mwezi wa nane nilikuwa nasugua meno dukani nikaona kitu kwenye kioo. Nikasogea. Nikawasha tochi ya simu. Katikati ya meno yangu ya mbele kulikuwa na nafasi. Nikachukua njiti ya kiberiti, ikaingia, ikapita! Nilipiga kelele, mwenye duka la pili akaja na fimbo akidhani ni nyoka.

"Duara limetema," alisema mume wangu jioni, hivyo wanavyosema kwao shimo likianza kutoa dhahabu. Nililala nikitabasamu, na nasikia nilikoroma kwa fahari.

Daktari akaja kunivunja moyo. Ule ulikuwa wa muda tu. Chonge imeshuka, meno yanagawana nafasi, na miezi ijayo angeukaza. Nikamsihi aniachie. Akasema anaweza, ila kwa mpangilio wangu meno ya nyuma hayatakutana vizuri, na mimi ndiye nitakayetafuna. Nifikirie mpaka Januari.

Wakati huo mwanya wa binti ulikuwa umebaki wa kupitisha uzi tu. Na likizo ya Desemba ikafika, tukaitwa Rwamgasa.

Tulimkuta bibi kwenye banda lake la chai, mashine za kusaga mawe zinanguruma upande wa pili wa barabara. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anakunywa chai alinikazia macho mdomoni.

"Mama, hiyo ni dhahabu?"

"Chuma."

"Basi funga, hatununui."

Bibi macho yamefifia siku hizi, anaona kwa vidole. Binti akapiga goti, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, ng'wizukulu wane," akaitikia, mjukuu wangu, na papo hapo, "Fungua mdomo." Akapitisha ukucha wa kidole gumba. Ukagonga chuma. Ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukatafuta katikati, ukakosa. Binti alinitazama, machozi yamemjaa. Mimi kwa kiherehere changu nikajitupa mbele.

"Mama, usikasirike! Huu hapa mwingine!" Nikamfungulia mdomo wangu.

Ukucha ukaingia pale katikati, ukatulia. Nilijiandaa kutukanwa kwa lugha mbili.

"Umeupata wapi?"

"Kwa daktari, mama."

Akakaa kwenye benchi taratibu. Akamsubiri mchimbaji amalize chai aondoke.

"Wangu ulichongwa," alisema. "Kwa tupa."

Sikuelewa. Akanieleza. Mwanya wa ukoo ulikuwa wa marehemu mume wake, na wa wakwe zake. Yeye alikuja pale akiwa binti mdogo, meno yamebanana vizuri tu, na mama mkwe wake akamfungua mdomo akatikisa kichwa. Basi akarudi kwao, shangazi yake akachukua tupa ya kunolea panga, wanawake wawili wakamshika mabega. Kazi iliisha mchana mmoja. Maumivu yalidumu miaka. Meno yale mawili yakaoza kwanza, kisha yakaita wenzao.

"Hata mwanangu hajui," alisema. "Ulikuwa mwanya wa kughushi."

Hasira ikanipanda, miaka kumi na sita yote kwa mpigo. "Mama! Na bado ukaniambia 'lakini wewe utapika'?"

"Sasa ningesema nini, mwanangu? Nilikuwa nimeshachongwa."

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa. Kicheko kilinitoka puani, na yeye akacheka fizi zote nje, tukashikana mikono, machozi yananitiririka sijui ya nini. Alipotulia akamgeukia mjukuu.

"Na wewe, kwa nini umeufunga?"

Binti akasimama wima, akajikohoza. "Habari za asubuhi. Kutoka Rwamgasa, sasa ni saa tano na dakika sita. Serikali ya kijiji imesisitiza usafi wa visima." S zote zilipita kimya, safi. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa hadi mwisho.

"Mwacheni," alisema. "Wake ulikuwa wa kweli, ana haki ya kuutupa. Ving'ang'anizi ni sisi wa kughushi."

Januari daktari aliniuliza, "Tukaze, mama?" Nikajitazama kwenye kile kioo kidogo. Nikamfikiria msichana ameshikwa mabega, na tupa. Nikasema, "Kaza."

Ulichukua miezi minne kuisha. Siku njiti ilipogoma kuingia nilihuzunika, sitaficha, nikampigia simu mama mkwe palepale dukani nikiwa na uzi shingoni. Nikamwambia wa mjukuu umekwisha, na wangu leo umekwisha.

Nilisikia anacheka kwanza, upepo mtupu kwenye simu.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Wangu umeshafika mdomo mzima. Unatutosha wote watatu."