Mguu wa Kwanza ni wa Kushoto

Restuta Chilewa alistaafu ukarani wa masjala akiwa na miaka sitini, na hakuna aliyewahi kumwona akirudisha jalada mahali pasipo pake. Taichi nayo, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, aliishika hivyo hivyo. Mwalimu wa Kichina aliyekuja Dodoma kwa muda aliwafundisha wastaafu miondoko ishirini na nne, ile ile inayochezwa mashindanoni na inayowafaa wazee wenye magoti mabovu na presha. Restuta alijiunga wiki ya mwisho. Mwalimu alipoondoka, alibaki na video yake kwenye simu, akajifundisha mpaka akaweza bila kutazama, kisha akawakusanya wenzake wa mtaa wa Makole kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule.

Walifika kumi na saba. Restuta alisimama mbele akiwapa mgongo, nao wakamfuata. Mguu wa kwanza ulikuwa wa kulia.

Evelina Mazengo, mkunga mstaafu wa miaka sitini na tisa, peke yake alianza na wa kushoto. Yeye alisoma kwa yule mwalimu tangu siku ya kwanza, na alisema ndivyo walivyofundishwa. Restuta alimsahihisha mara tatu. Ya nne, walipokwisha kujiandikisha kwa mashindano ya wazee, alimtoa kwenye mstari, kwa kuwa mmoja akienda upande wake kundi zima linapunguziwa alama.

"Mama Mazengo, hapa hatuzalishi," alimwambia. "Hapa kuna utaratibu."

Watu walicheka. Evelina alichukua kanga yake akaondoka, wala hakurudi.

Miezi mitano baadaye waandaaji walituma karatasi yenye picha za miondoko yote. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mguu wa kushoto. Restuta aliirudia video mara nyingi ndipo akaelewa. Mwalimu alikuwa amewaelekea wanafunzi, akicheza kinyume kwa makusudi ili wamfuate kama mtu anavyojifuata kwenye kioo. Yeye alimwiga kulia kwa kulia, na kundi zima likajifunza kinyume.

Kosa hilo lingeweza kumpata yeyote. Lililofuata lilikuwa la kuchagua. Aliikunja karatasi akaitia kabatini chini ya vitambaa, na Jumamosi mbili mfululizo akaanza na mguu wa kulia huku akijua. Mtu aliyekuwa mwaminifu ofisini kwa miaka thelathini na tano alikuwa ameficha hati.

Kisha akamwona Evelina sokoni Majengo akitembelea fimbo, ile aliyokuwa ameiacha mwaka wa kwanza wa mazoezi. Jioni ile alikwenda kwake. Alimkuta jikoni akichambua mlenda, akamwamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda na kueleza kila kitu. Akaomba radhi.

Evelina hakuacha kuchambua. "Kunitoa, ulinitoa mbele za watu," alisema. "Radhi unaniletea jikoni?"

"Dada, mashindano ni wiki ijayo."

"Najua. Na hiyo karatasi umekaa nayo siku ngapi?"

Restuta aliinuka kwenye kigoda, akaaga.

Jumamosi alisimama mbele ya kundi, safari hii akiwaelekea, karatasi mkononi. Aliwaambia kwamba Evelina ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba yeye alilijua hilo kwa zaidi ya wiki mbili akanyamaza. Mzee Ernest, mmoja wa wachezaji, aliuliza kama na ugali wamekuwa wakiula kwa mkono wa kushoto muda wote huo. Hakuna aliyecheka. Angelina, aliyekwisha kushona sare za kundi, aliondoka bila kuaga. Siku zilizobaki hazikutosha kujifunza upya, na mashindanoni hawakwenda.

Wiki iliyofuata Evelina alikuja. Aliegemeza fimbo ukutani, akasimama mbele, na Restuta akaenda mstari wa nyuma. Mara mbili mguu wake wa kulia ulitangulia wenyewe, akaurudisha. Walipofika mwondoko wa saba Evelina alisimama, akashika goti. Zamani alikuwa akimaliza yote ishirini na nne.

Restuta aliifuata fimbo ukutani, akapita nayo katikati ya wenzake, akampelekea. Evelina aliipokea bila kumtazama na bila kushukuru.

"Endeleeni," alisema. "Kwa kushoto."