Jina la Zakaria

Ule ni mwaka tuliokula sombe, majani yetu ya muhogo, bila mawese. Chumvi tuliipima kwa ncha ya kidole, na Nando alikula nasi bila kununa. Alikuwa Mfilipino, mwandishi wa riwaya aliyekimbia jeshi la kwao. Tulimpa chumba cha nyuma, kwetu Uvira.

Kwao alikuwa ameandika kwa majina manne. Likijulikana moja, anavaa lingine. Siku moja nachambua sombe, akaniambia anaandika juu ya askari wanaotuibia mbuzi, na anataka kuazima jina la mume wangu, Zakaria. Zakaria alicheka. Yeye fundi wa mbao, alijua kuandika vipimo tu. Mimi sikucheka.

"Jina lake sikupi, Nando. Andika la kwako."

Akasema sawa, mama.

Mvua ilipokatika, vita ikaingia mjini. Tukapanda lori, sisi watatu na binti yangu mgongoni. Saa nane mchana tukakuta bariyeri ya askari, gogo limelazwa barabarani.

Mmoja alishika gazeti lenye habari ya wizi wa mbuzi. Akasoma jina la mume wangu lote, mpaka la babake.

"Mwandishi, shuka."

Zakaria akasema hajui kuandika. Wakacheka.

Nilimtazama Nando. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Lori likaondoka. Zakaria akabaki amesimama barabarani, futi ya kupimia mbao bado iko mfukoni. Sikumwona tena. Hata kaburi sina.

Sasa nakaa ugenini, mtaa wa South Beach kando ya bahari, ghorofa ya tisa. Neema, mtoto wa yule binti wa mgongoni, anasoma chuo kule Westville, wa kwanza kwetu, na majirani wote wanajua maana nimewaambia. Mwezi uliopita alileta nyumbani mzee aliyealikwa kuwaeleza wanafunzi habari za majina yake ya vitabuni. Alimsikia akitaja Uvira, akadhani nitafurahi. Nikafungua mlango: Nando.

Alilia. Nilimpa chai. Akasema ameandika kitabu cha vita yetu, anataka kukitoa kwa jina la Zakaria, dunia imheshimu. Neema akanishika mkono; aliona ni jambo zuri.

Nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza. Akasema aliogopa. Hilo naelewa, hata mimi niliogopa. Lakini siku anaiba jina hakuwa anaogopa. Alikuwa anakula sombe yangu.

Nikaondoa kikombe mbele yake.

"Jina lake sikupi, Nando. Andika la kwako."