Ule Muhogo Sikuuroweka

Kosa ni langu, jamani. Siku ile tulikuwapo hawa: Hamisi, mwanangu wa pekee, mkewe Mwanahawa, binti wa Chiungutwa, mjukuu wangu Zaituni, mwali tuliyekuwa tunamtoa ndani, wifi yangu Asumini, dada wa marehemu mume wangu, na jirani yangu Mama Filipo, mtu wa Lulindi aliyeolewa huku kwetu Newala. Wageni wengine nao majina yao ninayo. Langu tu ndilo siliandiki.

Mwanahawa ndiye aliyenifundisha kuchanganya unga wa maandazi mapema. Unga wa ngano, sukari, hamira, chumvi kidogo na iliki ya kutwanga, vyote unavitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Asubuhi unachota, unatia maji, unakanda. Hukimbilii dukani kila siku kununua vipakiti. Kwa kweli tulipumua!

Sherehe ya Zaituni ilipokaribia, mimi nikajiona mjanja zaidi. Ngano yote ya nini, nami muhogo ninao shambani? Nikang'oa ule mchungu wa pembezoni, tunaoupanda ili nguruwe pori wasiingie shambani.

Muhogo ule kila mtu huku anaujua. Unaumenya, unauroweka mpaka ulainike na sumu yake itoke, ndipo unauanika. Lakini bomba lilikuwa kavu, maji tunaletewa kwa bodaboda, dumu kwa dumu. Nikasema niroweke muhogo kwa maji ya kununua? Nikaukatakata vipande vyembamba, nikauanika juani hivyo hivyo, nikatwanga, nikachekecha. Mweupe kama ngano! Nikauchanganya kwenye ndoo na sukari nyingi.

Mwanahawa alipofunua ndoo alichovya kidole, akaonja.

"Mama, muhogo huu uliuroweka?"

"Wewe! Mimi nimeanza kutwanga muhogo mama yako hajavunja ungo."

Akacheka. "Basi yaishe, Mama, nisije nikafukuzwa jikoni."

Mama Filipo naye akadakia, "Bibi yake Zaituni, mwaka huu umefungua kiwanda!"

"Kiwanda ninacho, na fundi wangu huyu hapa," nikasema, nikimpiga Mwanahawa begani.

Fundi wangu! Alikaa kando ya karai la mafuta tangu asubuhi. Wageni wanakula, wanaimba, yeye anachoma tu. Hakutia hata andazi moja mdomoni.

Walianza watoto. Kutapika, kichwa, kizunguzungu. Kisha Zaituni mwenyewe, na nguo zake mpya, akaanguka mikononi mwa somo yake, kungwi aliyemfunda. Kisha mimi. Bodaboda zikatubeba mpaka zahanati. Mungu mkubwa, hakufa mtu.

Ila nyumba ya mwanangu ilikufa.

Wifi Asumini alisimama katikati ya ua wa zahanati. "Mbona yeye hajala? Niulizeni! Kapika yeye, kagawa yeye, mbona mzima?"

"Shangazi, nilikuwa jikoni," Mwanahawa akasema.

"Jikoni na mdomo hauna?"

Nesi akauliza, "Unga ulikuwa wa nini?" Asumini akajibu, "Wa dukani, muulize huyu mpishi." Nami nimelala pale kwenye mkeka, nasikia kila kitu. Nikafumba macho.

Niliona aibu, jamani! Mimi mtu mzima, ninayefundisha wenzangu muhogo, nimelisha watu sumu nikibania maji! Nikajiambia nitasema kesho.

Hamisi hakungoja kesho. Alimpa talaka kwa hasira, shangazi yake akimchochea. Mwanahawa akakusanya nguo. Zaituni alipopata nafuu akamfuata mama yake.

Nilikuja kumwambia Hamisi ukweli mavuno ya korosho yalipokwisha. Akawasha pikipiki, akaenda Chiungutwa kuomba radhi. Akakuta Mwanahawa ameshaolewa, yuko Nanganga kwa mume mwingine.

Sasa Hamisi anakuja kila asubuhi. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba." Anasimama uani, ananiuliza hali. Nikimkaribisha chai anasema ameshiba. Mwanangu hali tena chakula changu.

Nawaomba wanawake wenzangu mnaochanganya unga wenu nyumbani, changanyeni, ni jambo zuri, pesa inabaki. Lakini muhogo mchungu msiufanyie haraka, hata maji yakiwa ya dhahabu. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, hapo hapo mlipolala.

Kama kuna jina au neno nimelikosea, mliokuwapo nisahihisheni, uzee huu. Nawe Mwanahawa, kama unasomewa haya, nisahihishe. Mimi nakumbuka ulisimama mlangoni kwangu na furushi lako la nguo, ukanitazama, ukaningoja niseme. Kama hukuwa unaningoja, mwanangu, niambie.